Msimu wa Kimlango cha Mafuta

Jumatatu, 18 Machi

Ijulikane kwa kila atakayefungua daftari hili, wakiwemo wale ambao hawajaruhusiwa, kwamba leo saa mbili na robo asubuhi kimlango cha mafuta cha gari letu kimekataa rasmi kukaa kimefungwa. Hakuna aliyeumia. Mume wangu alikuwa eneo la tukio, na ameahidi kutoa taarifa kamili baada ya uchunguzi.

Nakiongelea kile kibati cha ubavuni, kikubwa kama kiganja, kinachofunika kifuniko chenyewe cha tenki. Ukikibana kinasema tak na kutulia. Ukigeuka, ukafika mlangoni, ukaangalia nyuma, kimeachama kama sikio la mtu anayesikiliza umbeya.

Lingekuwa gari la kuendea sokoni tu nisingepoteza wino. Lakini madaktari wa macho wanakuja hospitali kubwa ya hapa kwetu wiki ijayo, na redioni wamesema watakuwepo mpaka Ijumaa ya tarehe kumi Mei. Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yuko mwendo wa saa tano kutoka hapa, na tangu avunjike nyonga hawezi kupanda basi; lazima alale kiti cha nyuma, miguu aiegemeze kwenye mto. Kwa hiyo ni gari letu au hakuna safari. Jumamosi nimemaliza kushona makava mapya ya viti kwa ajili yake, kitambaa kizito, pindo refu lenye lastiki lifike mpaka chini na kuficha zile reli zenye kutu. Nimeshona kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kushona pindo zuri kama lile.

Mume wangu amesema tutamfuata Mama mara kimlango kitakapokaa sawa. Siku mbili, amesema. Tatu zikizidi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Kimlango wazi.

Alhamisi, 21 Machi

Mume wangu amekipima. Alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, miaka thelathini na moja ya kupatanisha majirani kwa kamba na vigingi, na hawezi kuamini kitu mpaka akijue urefu wake. Amepima kimlango, amepima shimo lake, ameandika kwenye karatasi, akachora mshale.

"Kuna tofauti ya milimita moja na nusu," akasema.

"Mzee, kifuniko cha ndani kinakaza?"

"Kinakaza."

"Sasa hicho cha nje kina kazi gani?"

Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. "Wewe shona," akasema.

Nikashona. Darasa nililiacha la saba, lakini cherehani imenifundisha mengi. Mtu akiinua mikono nimpime kifua hawezi kudanganya vizuri. Mwili unakuwa wazi na maneno nayo yanajiachia. Tatizo la mume wangu ni kwamba nguo zake huwa nakata kwa kukadiria.

Jumatatu, 25 Machi

Tumempelekea Fundi Subira. Siyo jina lake. Ni neno analomwambia kila mteja, hata yule aliyekuja kuulizia choo. Gereji yake ni bati nne na shimo moja, lakini mtu mwenyewe ni msafi wa kazi. Kabla hajagusa gari lolote anavua makava ya viti, anayakunja, anayaweka juu ya kabati mbali na grisi.

"Hizi nguo zako, dada, siwezi kuzitia mafuta," akaniambia. "Nani kakushonea?"

"Mimi mwenyewe."

"Aa! Basi nazikunja mara mbili."

Nikavimba kichwa, sifichi. Akaingia chini, akatoka, akaweka tone la mafuta kwenye kikomeo, akabana kimlango. Tak. Akafungua mlango wa dereva akaupiga kwa nguvu. Kimlango kimetulia. Akawasha gari, akazunguka uwanja mara tatu, akashuka. Kimetulia. Akarudisha makava, akayanyoosha pindo kwa kiganja kama mama anayemtandikia mtoto.

Tukafika nyumbani. Mume wangu akashuka, akazunguka gari.

Wazi.

Jumamosi, 30 Machi

Nimempigia Mama. Amesema yuko salama, ila jana asubuhi alimsalimia jirani yake pale uani, akamuuliza hali ya watoto, akampa pole ya mvua, kisha akagundua ni gunia la mkaa.

"Sasa ulifanyaje, Mama?"

"Nilimaliza salamu. Ningeliacha katikati lingenionaje?" Akacheka. "Na lilinisikiliza vizuri kuliko mwenyewe."

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Mkwe wangu anasemaje kuhusu gari?"

Nikamwambia siku mbili. Tatu zikizidi.

Jumatano, 3 Aprili

Dawa zilizojaribiwa mpaka leo: sabuni ya mche kwenye bawaba. Kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Lastiki ya sketi kutoka dukani kwangu (hakuniomba). Sumaku aliyoitoa kwenye redio, kwa hiyo sasa kimlango hakifungi na redio haisemi.

Ijumaa, 5 Aprili

Wazi.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua ya kutwa. Wateja hawatoki. Nimekaa kwenye cherehani nikimtazama mume wangu dirishani. Amefunga mfuko wa plastiki kichwani, amepiga magoti kwenye tope, anakibana kimlango na kukiachia, anakibana na kukiachia. Akiwa pale nje kimekaa vizuri. Akaingia kwenye gari, akaenda dukani kununua betri, akarudi, akashuka. Wazi.

Nikaanza kuwaza jambo ambalo sikuliandika siku hiyo. Naliandika leo, Jumatano: mbona kinafunguka kikiwa naye peke yake?

Jumapili, 14 Aprili

Kwa Fundi Subira tena, alifungua kwa ajili yetu tu. Makava yakavuliwa, yakakunjwa mara mbili. Amebadilisha springi. Kimekaa. Amelirukia gari nyuma kama mtoto anavyorukia kitanda. Kimekaa.

"Gari lenu lina aibu," akasema. "Likija kwangu linajikaza. Lakini Mzee, nikuambie ukweli? Hiki cha nje ni kama kope tu. Kifuniko cha ndani kizima. Nendeni mkamchukue mama wa watu. Kifungeni kamba."

"Kamba?" akasema mume wangu. "Nimchukue mama mkwe wangu kwa gari la kamba?"

"Mama mwenyewe si haoni?"

Mume wangu hakucheka. Mimi nilicheka, nikajuta njia nzima mpaka nyumbani. Aliposhuka nilikuwa wa kwanza kuangalia.

Wazi.

Jumamosi, 20 Aprili

Hii ndiyo ilikuwa siku ya safari. Alikubali mwenyewe, Jumatano, mbele yangu, kikombe cha chai mkononi: "Jumamosi tunaondoka, liwalo na liwe." Nikampigia Mama. Nikafunga mzigo. Nikafua mto wa kuegemezea miguu. Nikawafungia wateja.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshakaa kiti cha abiria, mkoba magotini. Yeye alikuwa nje. Nikasikia tak. Nikasikia tak tena. Akaingia, akawasha, tukafika barabarani, akasimama, akashuka kuangalia. Akarudi. Sikuhitaji kumuuliza, alikuwa ameshika usukani kama anataka kuung'oa.

"Hatuendi," akasema.

"Mzee."

"Nimesema hatuendi. Mvua hii, saa tano za barabara, tenki liko wazi."

"Haliko wazi! Kibati ndicho kiko wazi!"

"Fundi hakuiona raba ya kifuniko cha ndani, imepasuka. Maji yakipiga kwa upande yanapita. Unajua maji yakiingia kwenye mafuta inakuwaje?"

"Najua Mama yangu anasalimia magunia."

"Basi nenda naye kwa basi."

Alilisema akijua. Basi lile lina ngazi tatu za chuma, na Mama hawezi hata moja. Nilishuka nikaingia ndani, nikafungua duka, nikashona mikono ya mashati kumi na moja ya shule bila kujua nashona nini. Mawili niliyashona kinyume.

Saa nne Mama akapiga. Alikuwa amekaa kibarazani tangu alfajiri, mkoba wake umefungwa, na mjomba amekaa naye kumwangalizia barabara kwa sababu yeye haioni.

"Mko wapi sasa, mwanangu? Mmefika darajani?"

Nikamwambia gari limesumbua.

"Kubwa?"

Ningemwambiaje? Kwamba kiganja cha bati kimetushinda watu wazima wawili na fundi? Nikasema, "Injini." Akasema, "Oo, injini ni jambo kubwa, msije mkaharibikiwa njiani, bora mmekaa." Nikamsikia anamwambia mjomba: "Ni injini." Mjomba akasema kitu, wakacheka. Kisha akasema ningoje kidogo apeleke mkoba ndani, nikasikia anagonga kiti, anagonga kitu kingine, na mjomba anasema kushoto, Dada, kushoto.

Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na tatu. Nilidhani ni mzito tu. Leo nimemwona kwa jicho lingine. Mtu asiyetaka mama wa mwenzake alale chini ya paa lake hana haja ya kusema hataki. Anahitaji kimlango tu.

Jumapili, 21 Aprili

Hatusemezani. Mvua inasema kwa niaba yetu.

Jumatano, 24 Aprili

Mama ameanza kupiga simu kwa kuhesabu vitufe. Leo alikosea akampata fundi bomba wa mji mwingine, wakaongea dakika kumi. Amemwahidi kumwombea mke wake anayekaribia kujifungua. Kisha akanipata mimi na kunihadithia.

"Na macho, Mama?"

"Yapo."

Zamani angetia neno la kuchekesha hapo.

Jumatatu, 29 Aprili

Fundi Subira, mara ya tatu. Makava, kabati, kikomeo. Nimemwambia kwa siri, mume wangu akiwa anaosha mikono: "Fundi, mtu anaweza kukifungua makusudi?"

"Anaweza. Kwa kidole tu, hapa kwenye ukingo."

Akaonekana kuelewa zaidi ya nilivyotaka aelewe. "Subira, dada," akasema.

Nyumbani: wazi.

Jumamosi, 4 Mei

Zimebaki siku sita. Kila jioni natazama mikono ya mume wangu akila. Ni mikono mizuri, ndiyo bahati mbaya.

Leo nimeweka mtego. Nina chaki ya kukatia nguo, ya bluu, ile mbaya inayong'ang'ania ngozi siku mbili. Nimeisaga, nikaichanganya na mafuta kidogo ya cherehani, nikaipaka upande wa ndani wa ukingo wa kimlango, pale pale Fundi aliponionyesha. Mvua haifiki. Anayekibana kwa kiganja hagusi. Anayekifungua kwa kidole atakuja mezani na kidole cha bluu, na mimi nitamwekea sahani mbele yake na kumuuliza swali moja tu.

Sijawahi kufurahia kazi hivi tangu yale makava.

Jumapili, 5 Mei

Niandike polepole, nisikosee.

Asubuhi mume wangu alikuja mlangoni pa duka akasimama. Hakuwa amesimama hapo tangu tugombane. Alikuwa na kipande cha kamba ya katani mkononi, ile aliyokuwa akipimia viwanja.

"Twende kesho," akasema.

"Wapi?"

"Kwa Mama. Nitakifunga kwa kamba. Watasema watakachosema. Alfajiri kesho tunaondoka, Jumanne tunarudi, Jumatano unampeleka hospitali."

Hapo ndipo mwanamke mwenye akili angesema haya, na kwenda kufunga mzigo.

Mimi niliwaza: kamba itafunika ukingo. Chaki itapotea. Nitakuwa sijamkamata, na miaka yote iliyobaki nitakula naye meza moja nikiwa najua lakini sina ushahidi. Isitoshe, niliwaza, mbona amekubali ghafla? Ameshtukia. Ameona chaki.

"Kesho siwezi," nikasema. "Nina sare za shule, nimeahidi Jumanne."

Sina sare zozote. Zilikwisha wiki iliyopita.

"Sare," akasema.

"Mpaka Jumatano, Mzee. Siku hazijaisha."

Akaiviringisha kamba yake kwenye vidole, akaiweka mfukoni, akatoka.

Jumatatu, 6 Mei

Ameenda dukani, amerudi. Kimlango wazi. Nikasubiri aingie ndani, nikaenda kuangalia chaki: nzima, kama nilivyoipaka. Mikono yake: misafi.

Labda ametumia bisibisi. Nimempa siku moja zaidi.

Jumanne, 7 Mei

Wazi. Chaki nzima. Bisibisi zote nimezihesabu, ziko kwenye kopo, zimeshika kutu, hazijaguswa.

Mchana amekuja wifi yangu, dada yake mume wangu, kupimwa gauni. Mwanamke wa kuogopwa. Ulimi wake hauna breki. Akainua mikono nimpime kifua, na kama kawaida, ukweli ukaanza kumtoka.

"Wifi, kaka yangu mbona amekonda? Ni hilo gari?"

"Ni kimlango tu."

"Kimlango!" Akageuka, tepu ikanitoka mkononi. "Wewe umesahau mwaka ule? Maji yaliingia kwenye mafuta, gari likazima karibu na kwa mama yako. Wajomba zako wakalisukuma mpaka uani, shangwe kama wamembeba bwana harusi. Wakampa jina. Bwana Sukuma. Mpaka leo simu ikilia huko anauliza kwanza ni nani."

Nilikuwa nimesahau. Kweli kabisa nilikuwa nimesahau.

"Na nani alianza kucheka?" akasema wifi. "Hebu jikumbushe, wifi yangu. Nilikuwepo, nimekaa kiti cha nyuma na miguu imelowa."

Nikampima kiuno mara mbili, nikaandika namba mbili tofauti.

Jumatano, 8 Mei

Saa tano, mume wangu ametoka kwa miguu. Asubuhi alikuwa amepiga magoti pale ubavuni tena, akazungusha skrubu moja robo mzunguko, akasimama, akasema peke yake, "Basi, imeshindikana," akaondoka.

Mvua ilikuwa inanyesha na nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna mteja. Nikaingia kwenye gari, kiti cha dereva, ambako sijawahi kukaa kwa sababu sijui kuendesha. Nikakaa kidogo. Nikawaza nitakavyoanza kumwomba mtu radhi kwa kosa ambalo hajui nililifanya. Nikanyanyuka kushuka.

Tak.

Sauti imetoka nyuma, ubavuni. Nikazunguka. Wazi. Nikakibana. Nikaingia, nikakaa, nikanyanyuka. Tak.

Nikapiga magoti kwenye tope nikaangalia chini ya kiti. Kuna kimkono kidogo cha chuma pale pembeni, kina picha ya pampu ya mafuta. Ukikivuta kinavuta waya, waya unavuta kikomeo kule nyuma. Na pindo langu, pindo refu, zuri kuliko yote niliyowahi kushona, lastiki yake imekikumbatia kile kimkono kama mtoto na shingo ya mama. Mtu akinyanyuka, kava linanyanyuka naye. Kava likinyanyuka, linavuta. Fundi Subira kila mara alikuwa analivua kwanza, kwa heshima ya mshonaji.

Nilienda kuchukua mkasi. Nilikata inchi nne za pindo upande ule, nikalikunja kwa ndani, nikapiga mishono ya mkono nikiwa nimekaa kwenye tope. Nikakaa, nikanyanyuka. Kimya. Nikafuta chaki kwenye ukingo kwa kitambaa. Kidole changu cha shahada ni cha bluu ninapoandika hapa.

Saa saba akarudi. Nikamwambia alete unga, alitumie gari maana mvua. Akaenda, akarudi, akashuka, akazunguka bila matumaini, kama mtu anayekwenda kuangalia kaburi. Akasimama pale. Akakigusa. Akaingia tena kwenye gari, akashuka tena.

"Mama watoto!" akaniita. Hajaniita hivyo tangu Machi. "Njoo uone! Ni ile robo mzunguko! Kumbe siku zote ilikuwa robo mzunguko!"

Uso wake ulikuwa umerudi nyuma miaka ishirini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Nikaweka mkono mfukoni na kusema, "Hongera, Mzee."

"Kesho alfajiri," akasema. "Bila kamba."

Alhamisi, 9 Mei

Tumefika kwa Mama saa sita mchana. Mjomba na wenzake walitoka wote, wamekunja mikono ya mashati tayari kwa kusukuma, wanacheka kabla hawajasalimia. Mume wangu akawapita, akamwinamia Mama: "Shikamoo, Mama." Mama akanyoosha mkono akamkosa, akampata sikio, akamshika hilo hilo. "Marahaba, mkwe wangu. Injini imepona?"

Nilitazama chini.

"Imepona, Mama," akasema, bila kunigeukia, na nikajua ameujua uongo wangu na ameubeba.

Ijumaa, 10 Mei

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tungefika hospitali saa tano.

Saa kumi na mbili Mama alikuwa kiti cha nyuma, miguu kwenye mto. Mjomba akamuuliza mume wangu, hivi siku hizi maji hayaingii? Ndipo akaanza kuwaonyesha. Akakifungua kimlango, akakifunga. Akawaeleza kikomeo, springi, milimita moja na nusu. Akamwita kila mjomba akibane mwenyewe. Wakaleta na majirani. Akasema "robo mzunguko" mara tisa, nilihesabu. Hakuna aliyemwita Bwana Sukuma. Mmoja alimwita fundi.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, "Mzee, twende," na haikutoka. Nilikuwa nimemweka mtu huyu kwenye mtego kama panya, na bado ana sura ile ya juzi. Tuliondoka saa mbili na nusu.

Njiani alisimama mara saba. Kila baada ya mlima anashuka kwenye mvua, anazunguka, anarudi akitabasamu, maji yanamtiririka puani.

"Tumefika?" Mama anauliza.

"Bado, Mama. Anaangalia kimlango."

"Kipo?"

"Kipo."

"Mwache," akasema Mama. "Mwanaume akipata kitu kimoja kikamtii, mwache akiangalie."

Nikamwacha. Redioni walisema mpaka Ijumaa tarehe kumi. Saa hawakusema, na mimi sikuuliza.

Tulifika saa nane na dakika kumi. Kwenye uwanja wa hospitali kulikuwa na nguzo za mahema, na watu wawili wanakunja turubai. Madaktari walimaliza saa sita, wakaondoka saa saba. Mlinzi alikuwa mtu mwema. Alitoka kibandani na mwavuli, akamfunika Mama dirishani. Akasema wanarudi mwakani, majira haya haya, na kwamba ana daftari la kuwaandika wa mwanzo. Mume wangu akashuka. Hakuzunguka kwenda kuangalia chochote. Alisimama kwenye mvua mikono imening'inia.

Mlinzi akauliza jina la mgonjwa, nikamtajia. Akauliza anatoka wapi, nikamtajia. Akauliza umri.

Mama akajibu mwenyewe, kwa sauti, kuelekea upande ambao mlinzi hakuwepo.

Mlinzi akaandika: themanini na mbili.